Mikufu ya Maganda ya Niihau

Watu wengi hudhani kwamba kitu cha thamani lazima kichimbwe ardhini, kama vile dhahabu na almasi. Lakini katika visiwa vya Hawaii, katikati ya bahari ya Pasifiki, kuna pambo la bei kubwa lisilochimbwa. Huokotwa mchangani. Ni maganda ya konokono wadogo wa bahari, na mikufu inayotungwa kwayo huitwa lei.

Mikufu iliyo bora yatoka Niihau, kisiwa kidogo chenye ukame, jirani ya Kauai. Nahodha Mwingereza James Cook alipofika visiwa hivyo mwaka 1778, wenyeji walikuwa wakivaa mikufu ya maganda tangu zamani. Mwaka 1864 mfalme wa Hawaii aliuza Niihau kwa mama mjane, Elizabeth Sinclair, kwa dola 10,000. Ukoo wake ndio wenye kisiwa hata leo, na mgeni haingii pasipo ruhusa. Wenyeji lakini walishika lugha yao na kazi ya mikono yao.

Maganda yatumiwayo hasa ni ya namna tatu. Momi, maana yake lulu, hung'aa sana. Laiki, maana yake mchele, hufanana na punje. Kahelelani ni madogo kupita yote, pengine hayafiki milimita 5; na yenye rangi nyekundu iliyokoza ni adimu. Kauri tunazozijua sisi huwekwa kwenye ncha tu, kufunga mkufu.

Sasa tutazame kazi yenyewe. Majira ya baridi mawimbi makubwa huyatupa maganda ufukoni. Watu hupiga magoti mchangani na kuyaokota moja moja. Nyumbani huyachagua kwa namna, kwa rangi na kwa ukubwa. Yenye ufa hutupwa. Kisha kila ganda hutobolewa kwa msharasi mwembamba. Mkono ukikaza kidogo tu, ganda hupasuka, na taabu yote imepotea. Mwisho hutungwa kwenye uzi. Mkufu mmoja hutaka mamia ya maganda, hata maelfu, na miezi mingi ya kazi.

Basi tusishangae kwamba mikufu mingine huuzwa kwa maelfu ya dola. Ganda peke yake ni kitu kidogo; kinacholipwa ni macho, vidole na saburi.

Tena fedha hiyo si ya anasa kwa wenyeji. Shamba kubwa la mifugo lililowapa watu mshahara lilifungwa mwaka 1999, na tangu hapo mikufu imekuwa msaada mkubwa wa jamaa nyingi. Lakini penye faida hapakosi wajanja: wengine waliuza maganda ya kwingine kwa jina la Niihau. Ndiyo sababu mwaka 2004 serikali ya Hawaii iliweka sheria ya kulinda jina hilo, ili mnunuzi asidanganywe na fundi asinyang'anywe jasho lake.

Sheria hiyo ni njema, lakini haiwezi kutoboa ganda hata moja. Ufundi huu hukaa mikononi mwa mama na bibi, nao huufundisha kwa watoto wao. Siku watoto watakapoacha kujifunza, mawimbi yataendelea kuleta maganda, nayo yatabaki mchanga tu.