Tarishi, Mpagazi na Dereva: Istilahi za Kugawa Mizigo ya Posta

Mtu apewaye kazi ya kutafsiri kanuni za posta hukutana mapema na sentensi iliyo nyepesi kwa kuitazama: kwamba barua zitapelekwa na mtumishi aendaye kwa miguu, na vifurushi vitapelekwa kwa gari. Sentensi hiyo ina maneno ya kawaida tu, na hakuna hata moja ambalo mwanafunzi wa shule ya msingi halijui. Lakini mfasiri akiulizwa kifurushi ni kitu gani, kina uzito wa kiasi gani, na mtumishi huyo aitwe nani, ataona kwamba lugha imemwacha njia panda. Jibu likikosewa, kuna mtu atakayebebeshwa mzigo usio wake. Kwa sababu hiyo yafaa tutazame maneno haya yalikotoka kabla ya kuamua yaelekee wapi.

Kiswahili cha karne ya 19 kilikuwa na mgawanyo ulio wazi. Aliyepeleka habari aliitwa tarishi, na aliyepeleka mali aliitwa mpagazi. Neno tarishi lina undugu na Kiarabu cha Oman na Ghuba, ambako kitenzi cha mzizi huo humaanisha kutuma. Tarishi, basi, ni mtu aliyetumwa, na hesabu ya kazi yake ni siku alizokwenda. Mpagazi ana asili nyingine. Jina lake latokana na pagaa, yaani kuchukua mzigo begani, na hesabu ya kazi yake ni uzito aliouchukua. Kando yao alikuwapo hamali, ambaye naye jina lake ni la Kiarabu. Huyu alifanya kazi mjini na bandarini, akibeba au kusukuma kutoka forodhani hadi ghalani, wala hakwenda safari. Hivyo lugha ilitofautisha watu watatu ambao wote walikwenda kwa miguu, na iliwatofautisha kwa kile walichochukua na umbali waliokwenda.

Vipimo navyo vilikuwa vya mwili wa binadamu. Mzigo wa mpagazi katika misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ulikuwa wa ratili 60 hadi 70 hivi, ambazo ni karibu frasila mbili, kwa kuwa frasila moja yapata ratili 35, yaani kilo 16. Nguo zilizopelekwa bara zilifungwa mitumba kwa kadiri ya bega moja. Wasomaji wa leo wakisikia mitumba hufikiri nguo zilizokwisha kuvaliwa ng'ambo, zinazofika kwa meli zikiwa zimebanwa kwa mashine, na marobota yake hayana tena habari na bega la mtu. Neno limebaki lakini kipimo kimeondoka. Tutaona kwamba jambo hilo hilo limekipata kifurushi.

Neno posta lenyewe lina somo ndani yake. Asili yake ya mbali ni Kilatini, nalo lilihusu kitu kilichowekwa mahali, yaani vituo vilivyowekwa njiani ili mjumbe mmoja ampokeze mwingine, au farasi aliyechoka abadilishwe. Kwa asili, posta ni mahali pa kupokezana mzigo. Huduma ya aina hiyo ilipofika pwani yetu ilikuta tayari tarishi na mpagazi, kila mmoja na kazi yake. Zanzibar ilikuwa na ofisi ya posta iliyoendeshwa na idara ya posta ya India kuanzia 1875 hadi 1895, na kabla ya hapo ofisi kama hiyo ilikuwa imefunguliwa 1868 na kufungwa baada ya miezi michache. Wajerumani walifungua ofisi zao Dar es Salaam na Bagamoyo Oktoba 1890. Kutoka hapo barua za bara zilikwenda kwa miguu ya matarishi, kituo hata kituo. Kilichokuwa kizito kilifuata msafara wa wapagazi. Gari halikuwapo, kwa hiyo swali la nani achukue nini lilijibiwa baina ya watu wawili waendao kwa miguu, mmoja mwepesi na mmoja mzito.

Uingereza jambo hili lilikuwa na sura nyingine, na hatuna budi kulieleza kwa urefu kidogo kwa kuwa kanuni za posta zilizotumika Afrika Mashariki zimetoka huko kwa sehemu kubwa. Hadi 1883 mtumishi aliyegawa barua huko alikuwa na jina la kazi lenye maana ya mchukuzi wa barua. Jina hilo lilimtosha, maana alichukua barua. Sheria ya 1882 ikaruhusu posta kupokea vifurushi, na tarehe 1 Agosti 1883 kazi hiyo ikaanza, waziri wa posta akiwa Henry Fawcett. Kifurushi hakikuruhusiwa kuzidi ratili 7, na ada yake ilianzia peni 3 kwa ratili moja hadi shilingi moja kwa ratili 7. Mwaka 1886 kikomo kilipandishwa hadi ratili 11. Mara tu vifurushi vilipoingia mfukoni, jina la zamani likawa la uongo: mchukuzi wa barua alikuwa akichukua buti, chai na kofia. Mwaka huo huo wa 1883 wakuu wa posta wakalibadilisha, wakamwita kwa neno lenye maana ya mtu wa posta. Ni nadra kuona badiliko la istilahi lenye sababu iliyo dhahiri namna hiyo. Halikuletwa na washairi wala wanasarufi, lililetwa na mizani.

Uzito ulileta pia mgawanyo wa kazi. Vifurushi vidogo viliendelea kuchukuliwa na waendao kwa miguu pamoja na barua, na vilivyokuwa vikubwa vikatafutiwa mikokoteni na magari ya farasi. Reli ilichukua vilivyokwenda mbali, lakini mashirika ya reli yalipewa asilimia 55 ya ada ya kila kifurushi kilichopita kwao, na posta iliona gharama hiyo kuwa nzito. Ndiyo maana mwaka 1887 posta ilirudisha gari la farasi katika njia ya London na Brighton, likisafiri usiku na kupakia vifurushi peke yake, wakati ambapo watu wengi walidhani kwamba zama za magari ya farasi katika njia kuu zimekwisha. Mgawanyo wa mizigo hauamuliwi na kasi peke yake. Bei huwa na neno lake, na mgongo wa mtumishi nao una lake.

Marekani ilichelewa zaidi, kisha ikaenda haraka. Posta ya vifurushi ya nchini humo ilianza tarehe 1 Januari 1913 kwa kikomo cha ratili 11, na mwanzoni mwa 1914 kikomo kikafika ratili 50 kwa sehemu za karibu. Mwaka huo huo posta ikaanza kuendesha magari yake yenyewe ya mota katika mji wa Washington. Kilichofuata kinamhusu mfasiri moja kwa moja. Katika miji mingi mtumishi alianza zamu yake akiwa na mkoba wa barua za nyumba chache tu. Barua zilizosalia zilipelekwa na dereva na kufungiwa katika masanduku ya chuma njiani, naye mwenda kwa miguu alipofika hapo alifungua, akajaza mkoba upya, akaendelea. Masanduku hayo hayakuwa na tundu la kutilia barua, na wapita njia wengi hawakujua ni ya nini. Baadaye njia nyingi zikapewa gari moja kwa mtumishi mmoja: huliegesha, akazunguka mitaa kwa miguu na mkoba wake, akarudi, akalisogeza mbele. Mtu huyo ni dereva au ni mwenda kwa miguu? Kanuni zao zasema kwamba mkoba wake usizidi ratili 35, na vinavyozidi hubaki garini. Ratili 35, tumekwisha kuona, ni frasila moja kamili. Sidhani kwamba walioandika kanuni hiyo waliwahi kulisikia neno frasila, lakini bega la binadamu limetoa jibu lile lile.

Turudi kwetu. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, ambayo ilituachia jina la Kariakoo kutokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wachukuzi, reli na malori yalizidi kuchukua nafasi ya misafara, na mpagazi akaanza kutoweka katika maandishi ya serikali. Posta za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa 1933, zikaendelea pamoja hadi 1977. Utaratibu wao ulisimama juu ya sanduku la posta. Kila atakaye barua hukodi sanduku, na barua hungoja humo. Herufi S.L.P. katika anwani zetu ni alama ya utaratibu huo. Katika utaratibu huo mwenda kwa miguu ni mwenye barua mwenyewe! Kifurushi nacho hakiingii sandukuni. Mwenyewe hukuta karatasi ya kumjulisha, akaenda nayo dirishani. Kwa kuwa mtumishi wa kugawa nyumba kwa nyumba hakuwa nguzo ya huduma, lugha haikulazimishwa kumtafutia jina. Tarishi akaingia maofisini, akawa mtu wa kuchukua majalada kutoka chumba hadi chumba, na huko ndiko wengi wamjuako hata leo.

Sasa lugha inalazimishwa. Tanzania imetoa namba za nyumba na majina ya mitaa kwa mkazo mkubwa mwaka 2022, na mzigo unaweza kumfuata mtu mlangoni. Mabasi ya mikoani huchukua vifurushi, na bodaboda huvigawa mitaani. Mwendesha bodaboda hafanani na tarishi wala hafanani na dereva wa gari la mizigo, na kikomo cha uzito wake hakiko begani bali nyuma ya kiti. Wakati huo huo neno kifurushi limechukuliwa na kampuni za simu, ambazo huuza vifurushi vya dakika na vya intaneti. Kijana akisema kifurushi chake kimekwisha, hakuna anayefikiri juu ya posta. Sina ugomvi na matumizi hayo. Furushi ni vitu vilivyofungwa pamoja katika nguo, na dakika zilizouzwa pamoja zaweza kuitwa hivyo kwa mfano. Hata bahasha imepita njia ya namna hiyo: kamusi za karne ya 19 zaieleza kuwa mfuko wa mraba wenye kifuniko, aghalabu wa kutilia vitabu, na leo ni karatasi ya kutilia barua.

Ugumu uko mahali pengine. Kanuni za Umoja wa Posta Duniani hutenganisha vitu viwili ambavyo Kiswahili cha ofisini huviita vyote kifurushi. Kimoja husafiri pamoja na barua, nacho hakizidi kilo 2. Kingine kina utaratibu wake, ada yake na fomu zake, na chaweza kufika kilo 20, na kuzidi hapo kwa nchi zinazokubaliana. Tuseme kanuni yaagiza kwamba kile cha kwanza kigawiwe na mwenda kwa miguu na cha pili kiende kwa gari. Mfasiri akiandika kifurushi mahali pote pawili, msimamizi ana haki ya kumpa mwenda kwa miguu mzigo wa kilo 20, na mtumishi hana neno la kujitetea nalo. Akiongeza sifa na kuandika kifurushi kidogo, udogo huo waweza kufahamika kuwa wa umbo, ilhali kanuni yahusu uzito. Sanduku la vitabu ni dogo kwa umbo, na mto wa pamba ni mkubwa.

Baadhi wamependelea pakiti kwa kile cha kwanza. Pakiti imezoewa mno kwa sigara na maziwa. Wengine wangependa furushi libaki kwa kile kizito na kifurushi kwa kile chepesi, kwa kuwa kiambishi ki- hudogosha. Pendekezo hilo lina mantiki nzuri ya sarufi, lakini lingevuruga maandishi na mabango yote ambamo kifurushi kimekwisha kuzoeleka kwa kile kizito. Tena furushi hutukumbusha mzigo wa mhamaji zaidi ya mzigo uliolipiwa. Kwa maoni yangu neno kipeto lafaa zaidi. Ni neno la zamani lenye maana ya mfuko au fungu dogo, limetumika hata kwa barua zilizofungwa pamoja, nalo halina kazi nyingine kubwa leo. Kipeto kiwe cha mkobani, na kifurushi kiwe cha garini. Kanuni ikisema mgawaji wa miguu atachukua barua na vipeto, hakuna atakayeuliza mipaka.

Hapo nimetumia neno mgawaji, nalo lahitaji kutetewa. Mpeleka barua ni jina lililo na ila ile ile iliyowapata Waingereza 1883, maana litakuwa la uongo siku ya kwanza atakapopewa kipeto. Tarishi ni zuri kwa masikio, lakini limefungwa na ofisi, na walimu wanajua jinsi lilivyo vigumu kulifungua neno lililokwisha kufungwa. Mgawaji halitaji kinachogawiwa, kwa hiyo halitachakaa mizigo ikibadilika. Tena Kiswahili hakitofautishi mume na mke katika jina la kazi, wala hatutalazimika kulibadilisha mara ya pili kama walivyolazimika wao. Yule aegeshaye gari kisha akaenda kwa miguu naye ni mgawaji. Dereva ni yule ambaye kazi yake yaishia garini. Lile sanduku la chuma lisilo na tundu liitwe sanduku la kupokezana, na lisichanganywe na sanduku la posta, kwa sababu la posta hufunguliwa na mwenye barua, na la kupokezana hufunguliwa na mgawaji peke yake.