Kazi ya Takwimu Lodwar na Kakuma

Kazi ya takwimu Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, ilizaliwa na ukame. Katika miaka ya 1980, mji wa Lodwar ukawa kituo cha mfumo wa tahadhari ya mapema. Wakusanyaji walizuru maboma, wakauliza bei ya mbuzi na mahindi na umbali wa maji, kisha wakazungushia utepe mkono wa mtoto ili kupima utapiamlo. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, iliyoundwa 2011, inaiendeleza kazi hiyo.

Kambi ya wakimbizi ya Kakuma, pia Turkana, iliyofunguliwa 1992, ilitegemea kadi za mgao. Mwaka 2013 chakula kikaanza kugawiwa kwa alama za vidole; 2015 ikaja Bamba Chakula, fedha za chakula kwa simu. Sifa za mwajiriwa wa takwimu zikabadilika: kujaza fomu hakukutosha tena, akahitajika mchanganuzi anayemudu hifadhidata na kuielewa biashara ya duka la kambini.

Hata hivyo, hifadhidata pekee haitoshi: malisho yakikauka mbuzi hukonda na bei yake huanguka. Asiyelijua hilo huona tarakimu tupu. Anayeajiri mchanganuzi Turkana hana budi kupima yote mawili: ujuzi wa kompyuta na ujuzi wa nchi.