Neno tunalolijua ndilo hutuponza

JUMAPILI, Machi 27, 1977, ndege mbili aina ya Boeing 747 ziligongana zikiwa chini katika uwanja wa Los Rodeos, kisiwani Tenerife, Uhispania. Watu 583 walikufa. Hadi leo hakujatokea ajali ya ndege iliyoua watu wengi kuliko hiyo. Aghalabu husimuliwa kama kisa cha ukungu. Mimi niliyefundisha isimu kwa zaidi ya miaka 30 huisimulia darasani kama kisa cha lugha.

Bomu lilikuwa limelipuka katika uwanja wa kisiwa jirani cha Gran Canaria. Ndege nyingi zikaelekezwa Tenerife, uwanja mdogo wenye barabara moja tu ya kurukia. Ndege ya KLM ya Uholanzi ilikwenda hadi mwisho wa barabara hiyo, ikageuka tayari kuondoka. Ile ya Pan Am ya Marekani ilikuwa ingali juu ya barabara iyo hiyo. Ukungu ulikuwa umetanda, hivyo marubani hawakuonana, wala mwelekezi wa ndege aliyekuwa mnarani hakuwaona. Kilichobaki kuwaunganisha ni redio.

Mwelekezi aliwasomea KLM njia watakayofuata wakishapaa. Katika maelezo hayo mlikuwa na neno “takeoff”, yaani kupaa, ingawa hakuwa ametoa idhini ya kupaa. Rubani msaidizi aliyarudia maelezo, kisha akatamatisha kwa kusema: “We are now at takeoff.”

Alimaanisha nini? Mwelekezi, ambaye lugha yake ni Kihispania, alielewa kwamba ndege iko mahali pa kuanzia, inangoja. Kumbe ilikuwa imeshaanza kukimbia! Baadhi ya wanaisimu hueleza kuwa Kiholanzi huonyesha tendo linaloendelea kwa kutumia kihusishi na kitenzi-jina, karibu na vile nasi tunavyoweza kusema “tuko katika kupaa”. Huenda basi rubani alitamka Kiingereza huku sarufi ikiwa ya kwao.

Mwelekezi alijibu “okay”, akanyamaza kidogo, kisha akawaambia wangoje hadi awaite. Wakati huo huo Pan Am nao wakawa wanatangaza kwamba bado wako barabarani. Redio za aina hiyo hazibebi sauti mbili kwa pamoja. Zikigongana, husikika mlio mkali tu. Kilichowafikia KLM vizuri ni “okay”.

Msomaji, hebu fikiria “sawa” yetu. Kuna “sawa” ya nimekubali, “sawa” ya nimekusikia, na hata “sawa” ya hebu niache. Ana kwa ana uso hutusaidia kuzitofautisha. Redio haina uso.

Mhandisi wa KLM aliuliza kama Pan Am imeshatoka. Rubani mkuu, mkufunzi mashuhuri wa shirika lake, akamhakikishia kwamba imetoka. Hakuna aliyeuliza tena. Cheo nacho hunyamazisha.

Mtu anaweza kudhani hicho kilikuwa kisa cha pekee. La hasha! Februari 1989, ndege ya mizigo ya Flying Tiger ilikuwa ikikaribia kutua Kuala Lumpur, Malaysia. Mwelekezi alikusudia ishuke hadi futi 2,400, akasema “descend two four zero zero”. Marubani wakasikia “to four zero zero”, yaani hadi futi 400. “Two” ya mbili na “to” ya hadi hutamkwa sawasawa. Walijibu kwa kutaja 400 na kosa halikusahihishwa. Ndege iligonga kilima, wote wanne waliokuwemo wakafa.

Mwaka uliofuata, Januari 1990, ndege ya Avianca kutoka Colombia ilizungushwa angani kwa zaidi ya saa moja kabla ya kuruhusiwa kutua New York. Rubani msaidizi aliomba “priority”, yaani kupewa kipaumbele, na baadaye akasema mafuta yanawaishia. Hakutamka neno “emergency”, la dharura, ambalo ndilo lingewashtua waelekezi. Injini zilizimika na watu 73 wakafa.

Katika visa vyote vitatu hapakuwa na msamiati mgumu. “At”, “okay”, “to” na “priority” ni maneno anayoyajua mwanafunzi wa shule. Hatari ilikuwa papo hapo: kila upande uliyajua, basi hakuna aliyeona haja ya kuuliza. Neno geni hutusimamisha, lakini neno tulilolizoea hutupitisha tukiwa tumefumba macho. Wahenga walisema mazoea yana taabu.

Tiba iliyopatikana ni ya kiisimu. Baada ya Tenerife, neno “takeoff” liliwekewa mipaka: hutumika tu idhini ya kupaa inapotolewa au kufutwa, penginepo husemwa “departure”. Rubani hurudia agizo, naye mwelekezi husikiliza kama limerudiwa sawasawa. Tangu 2008, marubani na waelekezi wa safari za kimataifa hutakiwa kuthibitisha kiwango chao cha Kiingereza. Wadogo kwa cheo nao hufunzwa kusema, na wakubwa kusikiliza.

Nasi Wakenya tuna “takeoff” zetu. Muuguzi anayefikiri kwa Kiingereza akimwambia mgonjwa anywe dawa “saa mbili”, huenda anakusudia “two o’clock”, ambayo ni saa nane kwa Kiswahili. Mgonjwa atajibu “sawa”, arudi nyumbani akameze dawa saa sita kabla au baada ya wakati wake. Wote wawili wanajua neno mbili. Kwa hivyo, asimwulize kama ameelewa, maana jibu litakuwa “sawa” ile ile. Amwambie: “Hebu nieleze utaimeza lini, kabla au baada ya chakula kipi?”