Video Zimekataa Kutoka Kwa Kamera? Usifomati Hiyo Kadi, Cheki Hizi Vitu Kwanza

Umeshuti ruracio Murang'a tangu asubuhi, umefika keja saa tatu usiku, na mwenye shughuli ashaanza kukutext akidai angalau klipu moja ya kuweka status. Unachomeka kamera kwa laptopu. Kimya. Ama noma zaidi, Windows inakushow ati kadi haiwezi tumika mpaka uifomati.

Msee, bonyeza Cancel. Mara nyingi hizo video bado ziko kwa kadi, ni njia ya kuzitoa ndio imeziba mahali. Chenye huziua kabisa ni mkono wako: kufomati, kuendelea kushuti na kadi hiyo hiyo, ama kukubali kila kitu kompyuta inakuuliza. Hiyo ruracio hairudiwi juu yako, wazee washakula mbuzi na wakaenda. So toa kadi, kisha ile plastiki ndogo iko kando yake isukume upande wa kulock. Hapo kompyuta itasoma lakini haitaandika kitu juu ya video zako.

Sasa tuanze na kebo, juu hapo ndio watu wengi hupoteza usiku mzima. Kebo mob zenye hukuja na pawabenki na spika ndogo ziko na nyaya za chaji pekee, zile za kubeba data hazimo. Kamera itaonyesha inachaji fiti, na laptopu haitajua kuna kitu kimechomekwa. Chukua simu ya Android, ichomeke na hiyo kebo. Kama ata ile notisi ya kuchagua kuhamisha faili haitokei, kebo ni ya chaji tu, tafuta ingine. Na uchomeke kwa laptopu yenyewe, si kwa hizo ekstensheni za USB zenye zinagawa poti moja kwa watu wanne.

Kebo ikiwa sawa, ingia menyu ya kamera. Kwa Sony tafuta USB Connection, weka Mass Storage ama MTP. Ikiwa kwa PC Remote, kompyuta inaiona kama kamera ya kuendeshwa kutoka mbali, na faili hazitatokea vile unataka. Kwa Canon EOS kadhaa, Wi-Fi ikiwa imewashwa kebo haiongei na kompyuta kabisa. Zima Wi-Fi, zima kamera, washa tena.

Mimi lakini ningekushow uachane na kebo kabisa. Nunua rida ya kadi. Haimalizi betri ya kamera, na hakuna hadithi ya kamera kuzima katikati ya kukopi. Cheki tu imeandikwa SDXC. Rida za kitambo ni za SDHC, na hizo zinaishia kadi za GB 32. Ukiweka ya GB 64 ama 128, inaweza kataa kuisoma ama kompyuta ikuambie uifomati, na kadi haina shida yoyote. Ndio maana kabla uamini kadi imekufa, ijaribu kwa rida ingine na mashine ingine. Kama ni ya microSD, badilisha adapta pia, hizo huharibika bila kelele.

Kuna wale kadi imefunguka, picha ziko, lakini video hakuna. Hapo unatafuta nyumba isiyo yake. Picha hukaa kwa folda ya DCIM, na Canon huweka video hapo pia, jina likianza na MVI. Sony ni tofauti: klipu za XAVC S ziko ndani ya PRIVATE, kisha M4ROOT, kisha CLIP. Za AVCHD ziko PRIVATE, AVCHD, BDMV, halafu STREAM, na zinaishia na .MTS. Kwa Mac hiyo AVCHD inaonekana kama faili moja tu. Ifungue kwa kubonyeza kulia na kuchagua Show Package Contents. Usitegemee programu ya kuimport picha, juu ingine inacheki DCIM pekee halafu inakuambia imemaliza. Kopi kadi yote vile ilivyo, na folda zake zote, ziende kwa folda moja mpya yenye jina la hiyo shughuli.

Na ukopi, usikate. Ukikata halafu stima ipotee katikati, sasa unabaki na nusu huku na nusu kule.

Kitu ingine ya kuchanganya watu ni GB 4. Fomati ya FAT32, yenye iko kwa kadi za GB 32 kushuka chini, haiwezi beba faili moja inayofika GB 4. Kwa hivyo hotuba ya mzee wa dakika arobaini inaweza kuja kama faili mbili ama tatu. Video haijakatika, zipange tu kwa kuediti. Lakini ukishuti na kadi kubwa ya exFAT upate faili ya GB 9, kisha ujaribu kuiweka kwa flashi ya FAT32, itakataa ikidai faili ni kubwa, ata kama flashi iko na GB 50 wazi. Fomati flashi iwe exFAT. Flashi, jo, si kadi.

Kama inakopi lakini polepole, hiyo ni hesabu. Rida ya USB 2.0 hukupa kama MB 30 kwa sekunde, so GB 64 ni kama dakika 36. Wacha imalize. Usiitingishe.

Video imefika lakini inaonyesha weusi na sauti tu? Hiyo mara nyingi ni H.265, yenye kamera za 4K hutumia sana, na Windows mob hazina kodeki yake. Weka VLC, ni ya bure. Ikicheza hapo, faili iko poa. Ikiwa inakwamakwama, laptopu ndio imechoka, si video. Tengeneza nakala nyepesi za kuediti nazo, uachie zile kubwa mwisho.

Ngori ya ukweli ni faili yenye haifunguki kokote na iko na GB zake kamili. Hii hutokea betri ikiisha ama ikitolewa kabla kamera imalize kuandika. MP4 huandika ramani yake mwishoni, na bila hiyo ramani pleya haijui ianzie wapi. Kwanza kopi kila kitu chenye kinakopika. Kisha unlock kadi, irudishe kwa kamera ileile na betri imejaa: Sony ikiuliza kama irekebishe databesi ya picha, kubali. Ikikataa, kuna programu ya bure inaitwa Untrunc, yenye hutumia klipu nzima ya kamera hiyo hiyo kujenga ramani upya. Kwa hivyo usifute klipu za majaribio.

Kama zilifutwa ama kuna mtu alifomati, PhotoRec pia ni ya bure. Iambie iweke zenye imepata kwa diski ingine, si kwa kadi hiyo. Picha hurudi vizuri kuliko video, juu video ndefu hukaa vipande vipande kwa kadi.

Na kama kila shughuli klipu za mwanzo ziko sawa na za mwisho zimeharibika, shuku kadi. Kuna feki zenye zimeandikwa GB 128 na ndani ni 16. Majina ya faili yanaonekana yote, lakini zenye zilipita nafasi halisi hazipo. Ukishatoa kila kitu, ipime na H2testw kwa Windows ama F3 kwa Mac na Linux. Inaandika kadi ikajaa kisha inasoma tena, so inakula masaa kadhaa. Iachie ifanye hiyo wera usiku ukilala, na uifanye kwa kadi mpya siku unainunua, ukiwa bado na risiti.