TOTP2

TOTP2 kilikuwa kipindi cha televisheni cha Uingereza kilichoanza kurushwa na BBC Two mwaka 1994, kikirudisha hewani muziki wa zamani kutoka hifadhi ya BBC. Kilizaliwa na Top of the Pops, kipindi cha kila wiki cha nyimbo zilizotamba kwenye chati, kilichodumu kuanzia 1 Januari 1964 hadi 30 Julai 2006.

Msimulizi wa kwanza alikuwa Johnnie Walker, akafuatwa na Steve Wright, kisha Mark Radcliffe. Msimulizi hakuonekana, alisikika tu kati ya wimbo na wimbo, huku maandishi mafupi kwenye skrini yakidokeza wimbo ulishika nafasi ya ngapi na wasanii waliishia wapi. Maandishi hayo ndiyo yaliyokuwa uhondo wenyewe, maana yaligeuza burudani kuwa somo la historia.

Hifadhi hiyo ya BBC ina pengo la kusikitisha. Kanda nyingi za miaka ya 1960 zilifutwa ili zitumike tena, kwa kuwa zilikuwa ghali. The Beatles walitumbuiza mubashara katika studio ya Top of the Pops mara moja tu, 16 Juni 1966, na kanda yao ikapotea. Mwaka 2019 vilipatikana vipande vifupi visivyo na sauti, vilivyorekodiwa kwa kuelekeza kamera ya filamu kwenye runinga ya nyumbani.

Tangu 2011, BBC Four imekuwa ikirudia vipindi vya Top of the Pops, ikianzia na vya 1976.