Simba Wawili na Mlango wa Vitabu

Vijana wenzangu wa kalamu, kwani nani alituambia kusoma ni kwa wenye pesa? Hebu tuangalie historia ya jumba moja pale Banda Street, Nairobi, lile linalolindwa na simba wawili wa mawe.

McMillan Memorial Library ilifunguliwa mwaka 1931. Lady Lucie McMillan aliijenga kumkumbuka mumewe aliyefariki mwaka 1925. Jumba lilikuwa la vitabu, lakini vya kusomwa na Wazungu tu. Mwafrika alipita nje, akiwatazama simba. Hali ikawa hivyo kwa zaidi ya miaka 25. Kabla ya uhuru wa 1963, Baraza la Jiji likaichukua na kuwafungulia watu wote. Baadaye matawi yakafika Eastlands, huko Kaloleni na Makadara, karibu na nyumba za wafanyakazi.

Mlango huo haukufunguliwa ili vumbi liingie! Kila mmoja wetu ana pahali pake anapopajua: maktaba ya mtaa, muuza vitabu aliyetandaza mali yake chini barabarani, jirani mwenye magazeti ya zamani. Lakini tunanyamaza, ati wenzetu watatumalizia. Zamani vitabu vilifichwa kwa sababu ya rangi. Sisi twavificha kwa uchoyo tu. Na mwandishi asiyesoma ataandika nini?

Ukiokota kitabu kizuri kwa bei poa, kisome, andika jina lako ndani, kisha mpe mwenzako naye aandike lake.