Parokia ya Wasio na Kwao: Karema na Chanzo cha Ukatoliki wa Ufipa

Asikiaye misa katika mji wa Sumbawanga aweza kudhani kwamba Ukatoliki wa Ufipa ulichipuka nyandani. Sivyo. Mizizi yake iko chini, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, katika ngome ya Karema iliyojengwa na Wabelgiji mwaka 1879 na kukabidhiwa Mapadri Weupe mwaka 1885.

Kiini cha waumini wake wa awali kilikuwa wageni, wengi wao watoto, waliokombolewa utumwani. Sisi wanaisimu hatuna budi kulitua neno hilo. Kukomboa ni kulipa ili kilichowekwa rehani kirejee kwa mwenyewe. Hawa hawakurejea popote. Mapadri waliwapa mashamba, wakawaoza, wakawaamulia mengi. Parokia ikawa ndiyo ukoo. Walikuwa huru, naam, lakini uhuru wa mtu asiye na mjomba wa kumtetea ni uhuru mwembamba.

Mashuhuri kati ya wageni hao ni Adrian Atiman, mzaliwa wa nchi za Mto Niger, aliyekombolewa Algeria akiwa mtoto na kusomea utabibu Malta. Alifika Karema miaka ya 1880 ikielekea ukingoni, akatibu wagonjwa hadi uzeeni. Alifariki mwaka 1956.

Mwaka 1969 makao ya Jimbo la Karema yalihamia Sumbawanga, na jina la jimbo likabadilika. Mwaka 2000 likaundwa Jimbo la Mpanda, na Karema ikawa humo: mama akajikuta nje ya nyumba ya mwanawe.